Kifaa cha GPS na Simu Yako: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuviunganisha Bila Waya

(Maelezo yaliyotolewa katika semina ya watumiaji wa huduma za mawasiliano)

Miongoni mwenu wamo manahodha na wavuvi, waongoza watalii, askari wa wanyamapori, wapima ardhi na maofisa misitu. Kazi zenu ni mbalimbali, lakini wengi wenu mnategemea chombo kimoja: kile kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha mahali mtu alipo kwa msaada wa setilaiti, ambacho sote tumezoea kukiita GPS.

Kwa miaka mingi kifaa hicho kilifanya kazi peke yake. Mwenye nacho alibonyeza vitufe, akanakili namba kwenye daftari, na alipotaka kuzihamisha alitafuta waya na kompyuta. Vifaa vingi vinavyouzwa sasa vinaweza kuwasiliana bila waya na simu janja, na kishikwambi, na saa ya mkononi, au na kifaa kingine cha aina hiyohiyo. Uwezo huo una manufaa makubwa, na hatukuja hapa kuwatisha. Tumekuja kuwaeleza jambo moja ambalo muuzaji hana haraka ya kulitaja: GPS ikiwa peke yake husikiliza tu; ukiiunganisha na chombo kingine, huanza kusema. Ni haki yenu kujua inasema nini, inamwambia nani, na sauti yake inakomea wapi.

Kifaa kinachosikiliza

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Kila setilaiti hutangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako hupokea matangazo hayo, hupima muda yaliotumia safarini, na kikiwa kimesikia setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali ulipo kwa kukosea mita chache tu, mradi kina anga wazi juu yake. Chini ya miti iliyosongamana au kando ya majengo marefu, kosa huongezeka.

Zingatieni kwamba katika kazi hiyo yote kifaa hakitumi chochote. Setilaiti hazijui kwamba upo. Ndiyo maana GPS hufanya kazi mahali pasipo na mnara wa simu, bila laini na bila bando. Mtu akikuambia kwamba kifaa cha mkononi hakiwezi kukuonyesha mahali ulipo mpaka ukiunganishe na simu yenye salio, hakuelezi ukweli. Kuunganisha na simu kunaweza kukisaidia kifaa kuzipata setilaiti haraka zaidi kinapowashwa, na kunarahisisha kupakua ramani, kuhamisha alama za mahali, kusoma taarifa za hali ya hewa na kusasisha programu yake. Hayo ni mambo ya ziada. Kazi ya msingi inabaki palepale.

Njia tatu za kuunganisha

Njia ya kwanza, na iliyoenea zaidi, ni Bluetooth. Hutumia umeme kidogo, na kwa vifaa vingi vya mkononi umbali wake wa kutegemewa ni kama mita 10. Inafaa kwa kuhamisha alama za mahali, njia ulizorekodi na taarifa fupi.

Njia ya pili ni Wi-Fi. Hii hubeba mzigo mkubwa zaidi kwa muda mfupi, kwa hiyo hutumika kupakua ramani na programu mpya. Hula betri kuliko Bluetooth, na huhitaji kifaa kijiunge na mtandao ambao nywila yake unaijua.

Njia ya tatu ni ile ambayo vifaa vya GPS hutumia kupashana habari vyenyewe kwa vyenyewe, au kusoma vipima mapigo ya moyo na vipima joto. Baadhi ya vifaa hutumia mfumo uitwao ANT+ kwa kazi hiyo. Simu nyingi hazina mfumo huo.

Njia hizi zote hutumia masafa yaliyo karibu na gigahezi 2.4, lakini kila moja ina lugha yake. Kifaa chenye ANT+ pekee hakitaelewana na simu yenye Bluetooth, hata ukiviweka juu ya meza moja. Basi kabla ya kutoa fedha, soma maandishi ya kwenye boksi au mwombe muuzaji akuunganishie kifaa na simu yako hapo hapo dukani. Neno “wireless” likiandikwa peke yake kwenye boksi halitoshi; uliza ni kwa njia ipi na kwa chombo gani.

Namna ya kuunganisha kwa usalama

Hatua zinatofautiana kidogo kati ya kifaa na kifaa, lakini utaratibu mzuri unafanana.

Kwanza, hakikisha vyombo vyote viwili vina chaji ya kutosha. Kifaa kikizimika katikati ya kusasisha programu kinaweza kukataa kuwaka tena.

Pili, pakua programu ya mtengenezaji kutoka kwenye duka rasmi la programu la simu yako. Usikubali kurushiwa programu na mtu mwingine, hata kama ni rafiki, kwa sababu hamna hakika imepitia mikono ya nani.

Tatu, anzisha uoanishaji ukiwa ndani ya programu hiyo, maana vifaa vingi havikamilishi kazi vikioanishwa kupitia mipangilio ya simu pekee. Namba zitakapojitokeza kwenye vioo vyote viwili, zisome tarakimu kwa tarakimu. Zikilingana, kubali, zikitofautiana, kataa. Namba hizo zimewekwa ili usije ukafungua mlango kwa kifaa cha mtu mwingine. Kwa sababu hiyo ni vyema kuoanisha ukiwa nyumbani au ofisini kuliko kwenye diko lenye watu wengi au stendi ya mabasi.

Nne, kipe kifaa jina lisilokutambulisha. Jina hilo huweza kuonekana na simu nyingine zilizo karibu. Hakuna sababu ya kuandika jina lako kamili au namba yako ya simu.

Tano, soma ruhusa zinazoombwa. Wengi hushangaa kuona programu ya kuunganisha kifaa ikitaka kujua mahali simu ilipo. Katika simu za Android za toleo la 6 hadi la 11, kutafuta kifaa kwa Bluetooth kulihitaji ruhusa hiyo. Kuanzia toleo la 12 ipo ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu. Ombi la mahali, basi, laweza kuwa na sababu. Lakini programu inayotaka pia majina yote ya watu kwenye simu yako, picha na ujumbe, inapaswa kujieleza. Kataa kwanza, kisha angalia kama kazi uliyoitaka inafanyika. Mara nyingi inafanyika.

Kama vifaa vinakataa kuonana, mara nyingi sababu ni kwamba kimoja bado kimeshikamana na simu ya zamani. Futa uoanishaji wa zamani pande zote mbili, zima na kuwasha, kisha anza upya. Kumbuka pia kwamba masafa haya hunyongwa na maji na chuma. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, ukiwa katikati ya simu iliyo mfukoni na kifaa kilichofungwa nyuma ya begi, watosha kukata mawasiliano.

Namba zisizoelewana

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo limebeba uzito kuliko yote tuliyokwisha kusema. Vifaa viwili vinaweza kuunganishwa vizuri kabisa na bado watumiaji wake wasielewane, kwa sababu kila mmoja anaandika mahali kwa mtindo wake.

Chukueni mfano wa mstari unaopita karibu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta. Kifaa kilichopangwa kuonyesha nyuzi na dakika kitaandika 6 na 10. Simu iliyopangwa kuonyesha nyuzi kwa desimali itaandika 6.1667. Nahodha akiwasomea wenzake “sita, kumi” kwa redio, na aliye pwani akaandika 6.10 kwenye simu, wawili hao wametengana kwa dakika nne za latitudo. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Boti ya uokoaji itakwenda kutafuta watu mahali palipo zaidi ya kilomita 7 kutoka walipo. Usiku, katika upepo wa kusi, kilomita 7 ni nyingi mno kwa mtu aliyeshikilia dumu tupu majini.

Kosa la pili ni kusahau upande wa ikweta. Nchi yetu yote iko kusini, na katika mtindo wa desimali kusini huonyeshwa kwa alama ya kutoa. Ukiiacha alama hiyo, mahali pako panahamia kaskazini ya ikweta, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Zanzibar, ndani ya Ethiopia.

Kosa la tatu linawahusu zaidi wapima ardhi, maofisa misitu na wote wanaosoma ramani za karatasi. Ramani nyingi za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali vifaa vya GPS hutoka kiwandani vikitumia msingi uitwao WGS 84. Namba zilezile zikisomwa kwa misingi hiyo miwili huangukia sehemu mbili zilizoachana kwa mita 300 hivi. Katika mgogoro wa mpaka wa shamba, mita 300 ni shamba la jirani zima.

Tunashauri kila kikundi, kiwe cha wavuvi wa diko moja au askari wa kituo kimoja, kikubaliane mtindo mmoja wa kuandika mahali na msingi mmoja wa vipimo, na kila kifaa na kila simu vipangwe hivyo. Na mahali panapotajwa kwa sauti, litajwe kila neno: nyuzi ngapi, dakika ngapi, kusini, mashariki.

Nani anasikia

Unapooanisha kifaa na simu, alama zako za mahali hupita kwenda kwenye programu. Kutoka hapo, mara nyingi hupanda zenyewe hadi kwenye seva za kampuni iliyotengeneza programu, ambazo huenda zipo nchi ya mbali. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata katika habari hii ni ile programu: inajua umeanzia wapi, umesimama wapi, kwa muda gani, na umerudi saa ngapi.

Mwezi Novemba 2017, kampuni ya Strava, ambayo programu yake hurekodi njia za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia iliyokusanya safari na mazoezi bilioni 1 hivi ya wateja wake. Ramani hiyo haikutaja jina la mtu. Hata hivyo, Januari 2018 wachunguzi walibaini kwamba katika maeneo kama Afghanistan na Syria mistari ile iliyong’aa ilichora kambi za kijeshi na njia ambazo askari walizoea kukimbilia. Hakuna aliyeiba kitu. Watu walikuwa wameunganisha vifaa vyao na kuacha mipangilio kama ilivyotoka kiwandani.

Kwetu, siri hiyo ina sura nyingine. Mvuvi aliyetumia miaka kuyajua miamba yenye samaki ana mali ambayo haionekani kwa macho; njia zake zikitangazwa kwa kila anayetumia programu ileile, mali hiyo imegawiwa bure. Askari wa wanyamapori anayeweka alama mahali faru alipolala, kisha alama hiyo ikapanda mtandaoni, huenda amemwandikia jangili barua. Na mama anayetembea asubuhi saa ileile kila siku kutoka mlango uleule amewaonyesha wasiomtakia mema nyumba yake na ratiba yake.

Fungueni mipangilio ya programu na mtafute mambo matatu: nani anaweza kuona njia zako, kama zinapandishwa mtandaoni zenyewe, na kama mahali pako panatangazwa papo kwa papo. Kwa la kwanza chagua “mimi pekee” mpaka uwe na sababu ya kufanya vinginevyo. La pili na la tatu lizime, uliwashe kwa hiari yako unapolihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa lengo gani, na taarifa za mahali ulipo ni miongoni mwa zinazokutambulisha.

Unapouza kifaa au simu, au unapovipeleka kwa fundi, futa alama na njia zilizomo, ondoa uoanishaji, na utoke kwenye akaunti yako. Mnunuzi amenunua kifaa. Hakununua safari zako.

Mahali sauti inapokoma

Wapo waliotueleza kwamba, tangu waunganishe GPS na simu, familia zao huwafuatilia baharini na kuwaona kama nukta kwenye ramani. Jambo hilo linatia faraja, lakini lieleweke vizuri. Nukta ile haipelekwi na setilaiti za GPS. Kifaa huiambia simu, na simu huituma kupitia mnara wa mtandao. Chombo kikitoka nje ya eneo la mnara, nukta husimama pale ilipoonekana mara ya mwisho. Aliye nyumbani anaweza kulia akidhani chombo kimekwama, kumbe kinasafiri salama. Au anaweza kulala akiamini kipo karibu na pwani, kumbe kimechukuliwa na mkondo tangu jioni. Wafundisheni walio nyumbani kusoma saa iliyoandikwa pembeni ya nukta kabla ya kuiamini nukta yenyewe. Na kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa pwani kwa mdomo: tunakwenda upande gani, tutarudi lini, na ikifika saa ngapi bila kutuona utoe taarifa.

Kifaa cha kawaida cha GPS hakiwezi kuita msaada, hata kikiwa kimeunganishwa na simu iliyo nje ya mtandao. Vipo vifaa vinavyotuma ujumbe wa dharura kupitia setilaiti za mawasiliano. Hivyo ni vya aina nyingine: vina kipeleka mawimbi, vinalipiwa huduma yake, na kabla ya kuvinunua ulizeni Mamlaka kuhusu masharti ya kuvitumia nchini. Palipo na mtandao wa simu, namba ya dharura ni 112. Chombo chenye redio ya VHF kitumie chaneli 16, ambayo ndiyo ya wito wa dharura baharini.

Msiache, basi, mbachao kwa msala upitao. Dira ibaki chomboni. Alama muhimu, yaani bandari, mlango wa mwamba na kisiwa cha kukimbilia, ziandikwe pia kwenye daftari lililofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Betri za akiba ziwepo. Bluetooth na Wi-Fi zizimwe wakati hazitumiki, kwa kuwa hula chaji ya vyombo vyote viwili. Chaji hiyo utaihitaji saa ya kurudi.

Unaponunua

Kifaa chochote kinachotuma mawimbi, ikiwa ni pamoja na Bluetooth na Wi-Fi, ni kifaa cha mawasiliano ya kielektroniki, na kinatakiwa kiwe cha aina iliyoidhinishwa kutumika nchini. Muulize muuzaji. Dai risiti ya kielektroniki na hati ya dhamana yenye namba ya kifaa chako. Kikikosa uwezo wa kuunganishwa uliotajwa kwenye boksi, kirudishe mapema pamoja na risiti na umweleze muuzaji kwa maandishi. Asipokusikiliza, njoo kwetu na nakala za hayo yote. Malalamiko yasiyo na ushahidi hutuchosha sote wawili. Yenye ushahidi tunajua pa kuyapeleka.

Ndugu washiriki, mkitoka hapa tunawaomba mfanye mambo mawili kabla ya safari yenu ijayo. Kaeni na wenzenu, kila mmoja ashike kifaa chake na simu yake, msome mahali mlipo kwa sauti na mhakikishe wote mnasema kitu kimoja. Kisha fungueni programu mwone ni nani mwingine anayesikia. Kazi hiyo haichukui nusu saa, na wataalamu wetu watakuwa hapa mpaka jioni kwa yeyote atakayehitaji msaada.